Sauti ya Pili Yatoka Mbele

Mlango ule tuliouacha ukifunguka taratibu, msomaji wangu, haukufunguliwa na upepo wala na fundi wa umeme. Aliyesimama pale alikuwa Mahamudi mwenyewe, kiongozi wa bendi ya Soul Mulongwe, mtu ambaye Sumaili alikuwa akimkimbia wiki nzima kwa kupita vichochoro vya nyuma.

Sumaili alikuwa katikati ya studio, kaske za kusikilizia masikioni, mdomo wazi. Gratien, mwenye studio na fundi wa sauti, mwanamume mnene wa Nyakabere asiyependa ugomvi, alichomoa kipaza sauti akakificha nyuma ya mgongo. Wanamuziki wako wengi Uvira. Kipaza sauti chake kilikuwa kimoja.

"Grand," Sumaili akasema kwa sauti ndogo, kama mdogo kwa kaka yake.

"Petit," Mahamudi akajibu.

Najua wapo kati yenu waliokwisha kuahidiana kwamba leo ngumi zitalia. Poleni sana. Mahamudi alivua kofia, akasalimia, akauliza hali ya Yasmine, mtoto wa Sumaili, kisha akaketi kwenye benchi na kukunja miguu.

"Endeleeni," akasema. "Minye nimekuya kusikiliza tu."

Hapo ndipo jasho lilipomtoka Sumaili. Mtu akikutukana unajua la kumjibu. Akikaa kimya kukusikiliza, utafanya nini?

Kwa wewe uliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikuambie upesi. Sumaili ameimba miaka mingi katika Soul Mulongwe, na miaka yote hiyo ameimba sauti ya pili. Mahamudi huimba mstari wake, huinua kidole, huita, "Sumaili, jibu," na Sumaili hujibu kwa utamu ambao arusini huwafanya akina mama waweke sahani chini. Lakini kwenye mabango ni uso wa Mahamudi, na redioni ni "Mahamudi na wenzake." Sumaili alichoka kuwa wenzake.

Basi akatunga wimbo wake, "Nilikubeba," kuhusu ule mwaka ziwa lilipopanda likaingia majumbani. Akaondoka kwenye bendi bila kuaga. Leo alasiri redio ya mjini inatoa kipindi cha waimbaji wapya, na wimbo lazima ufike kabla ya hapo. Mtaa mzima wa Mulongwe umekwisha kuambiwa usikilize. Leo akishindwa, bendi hana na jina hana.

Na studio ya Gratien iko nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mashine ikiwaka, taa za studio hufifia na kuta hutetemeka. Wakati huu mwenye mashine alikuwa amekwenda kula.

"Artiste, tuimbe haraka," Gratien akasema, akirudisha kipaza sauti mahali pake. "Ule mzee anakulaka mbiombio."

Akabonyeza. Muziki ukaanza, mzuri, wa taratibu. Sumaili akafumba macho, akavuta pumzi, akanyamaza.

Muziki ukapita mstari wa kwanza mtupu. Ulipofika mwishoni mwa mstari, Sumaili akafungua kinywa.

"Ooo, yalipanda..."

Akanyamaza tena. Mstari wa pili ukapita mtupu.

"Ooo, mgongoni..."

Gratien akazima. "Artiste, mwanzo iko wapi?"

"Mwanzo gani?"

"Umeimba mukia tu. Kichwa iko wapi?"

Wakarudia. Ikawa yale yale. Wakarudia tena, Sumaili akajipiga paja ili ajikumbushe, akapiga paja vizuri sana, lakini neno halikutoka mpaka zamu ya kujibu ilipofika. Ilikuwa kama kumsikia mtu akiongea kwa simu barabarani: unasikia "ee," unasikia "kweli?", unasikia "masikini," na hujui ni nani aliyekufa.

Mahamudi alikuwa akitazama kucha zake.

"Gratien, usimusumbue," akasema mwishowe. "Iko nangoya muntu wa kumutangulia. Miaka yote minye njo nilikuwa nafungua mulango, yeye anaingia. Leo mulango imefungwa na hajui nafasi ya kushika."

"Grand, niache," Sumaili akasema.

"Nikuache? Weye njo uliniacha." Mahamudi akashusha sauti. "Juzi tulikuwa na arusi kule Kavimvira. Niliimba mustari, nikainua kidole, nikasema 'jibu.' Kimya. Nikarudilia, 'jibu.' Muyomba wa bibi arusi akasimama kule nyuma akaniuliza, 'Nijibu nini?' Bantu balicheka mpaka bwana arusi akaanguka mu kiti."

Sumaili naye alitaka kucheka. Akajizuia kwa heshima.

"Donc basi, tusaidiane," Mahamudi akaendelea. "Neno la kwanza nitakutupia minye. Lakini wimbo itatoka kwa jina ya Soul Mulongwe, na weye ndani."

Ama kweli, adui mwerevu hakupigi. Hukuletea msaada.

"Hapana, Grand."

"Fikiria muzuri. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini."

"Guu yangu iko nzima."

"Guu, ndiyo. Kichwa ya wimbo njo haiko."

Gratien, ambaye alikuwa na jicho moja kwenye saa na sikio moja kwenye mashine, akaingilia. "Artiste, kwako nyumbani unaimbaka na nani?"

Sumaili akafikiri, uso ukamng'aa. "Mama Yasmine. Akiwa anaosha vyombo anaanzaka ile sauti, minye ninafuata. Maneno hayajui bado, nilimufichia. Nilitaka ayasikie mu redio."

"Umwite," Gratien akasema.

Zaina, ndiye Mama Yasmine, alifika kutoka sokoni na mzigo wa vitenge kichwani, kwa mwendo wa mtu aliyeacha mteja akiwa bado anapima. Alimsalimia Mahamudi kwa adabu, akamsalimia Gratien, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Yasmine, kuko nini? Ulisema ni haraka, nikawaza umekufa."

Wakamweleza. Akasikiliza, akatua mzigo, akaomba maneno. Sumaili akampa simu ulimoandikwa ubeti wa kwanza. Zaina akaanza kusoma kwa sauti, kama asomavyo bei.

"'Maji yakaja kwa ghafula, Zaina ukalia. Nikakubeba mgongoni, mtoto kifuani.'"

Akaacha. Akaurudia kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Baba Yasmine. Huyu Zaina mwenye analia ni nani?"

"Ni wimbo, mama," Sumaili akasema. "Mu wimbo bibi analiaka."

"Na mwenye alimubeba ku mugongo?"

Sumaili akarekebisha kaske masikioni, ingawa hazikuwa na kasoro.

"Minye nilibebwa lini?" Zaina akauliza. "Unijibie mbele ya hawa ndugu. Nilibebwa siku gani?"

Msomaji wangu, mwanamke wa sokoni akikosewa hesabu hukuhesabia upya, moja moja, ili mtaa mzima usikie. Zaina akashika kiuno.

"Maji iliingia mu nyumba mpaka ku magoti," akasema.

Sasa sikiliza maajabu ya mazoea. Sumaili hakukusudia. Muziki, ambao Gratien alikuwa ameuacha ukijirudia, ulikuwa bado ukiita masikioni mwake, mtu amesema mstari mbele yake, na mstari umekwisha. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Ku magoooti..."

"Unanicheka?" Zaina akang'aka. "Minye nilimubeba Yasmine ku mugongo!"

"Ku mugoooongo..."

"Na sufuria ku kichwa."

"Ku kichwaaa, mama..."

Mkono wa Gratien ukateleza taratibu hadi kwenye kitufe cha kurekodi.

"Godoro nikaliburuta na mukono moja, nikiwa naita jina yako."

"Ukaniiita, ukaniiita..."

"Na weye, Sumaili, weye ulibeba gita."

"Giii..."

Akakwama hapo hapo. Mdomo ukabaki umekaa kwa herufi ya *i* na sauti haikutoka tena.

Mahamudi alikuwa amelala kwenye benchi akicheka bila sauti, machozi yanamtiririka. Gratien akawasikilizisha alichonasa. Loo! Ilikuwa tamu. Mwanamke anakaripia, mwanamume anajuta kwa sauti ya asali, muziki unawabembeleza wote wawili.

"Hii itapigwa mpaka kule mji wa Baraka," Gratien akasema. "Tutume vile vile."

"Futa," akasema Sumaili. Alikuwa ametoka nyuma ya Mahamudi kwa taabu kubwa. Hakuwa tayari kwenda kusimama nyuma ya mkewe, tena akikaripiwa, tena hewani.

"Futa," akasema Zaina pia.

Wote wakamgeukia.

"Baba yangu iko nasikilizaka ile kipindi," akasema, na hasira ikamtoka usoni.

Hapa lazima nikutajie Mzee Karim. Ndiye mfanyabiashara wa vitambaa mwenye duka lile la kona, baba yake Zaina, mtu wa swala tano na maneno machache. Mkwe ambaye kazi yake ni kusema "ooo" nyuma ya mtu mwingine hakumpendeza tangu siku ya posa. Lakini baada ya mafuriko, alipouliza nani alimtoa mjukuu wake kwenye maji, Zaina alisema, "Ni Sumaili." Alimwonea mumewe huruma, neno likamtoka.

Mzee alilia siku ile. Akachinja kondoo, akasomesha dua, akawapa nyumba yake ya Kimanga, kule juu ambako ziwa haliwezi kupanda. Na tangu hapo, msomaji wangu, hakuna arusi, hakuna msiba, hakuna mteja wa mita mbili za kitambaa asiyesimuliwa jinsi mkwe wa Mzee Karim alivyopambana na maji. Kila mwaka hadithi inanenepa. Siku hizi ndani yake kuna kiboko wa ziwani.

Na Sumaili, kwa kuisikia kila mara, alikwisha kufika mahali ambapo hata yeye alianza kumkumbuka yule kiboko.

Gratien akafuta. Alifuta kwa uchungu, kama mtu anayemwaga mchuzi mzuri. Nje, sauti ya mwenye mashine ilisikika ikiagana na watu kwenye mgahawa wa jirani.

"Artiste, tuko namaliza wakati," akasema.

Mahamudi akajifuta macho, na kwa mara ya kwanza leo akasema kama kaka. "Petit, nikuambie kitu. Nyuma kule muntu anaweza kuimba uongo mwaka muzima, hakuna mwenye anamuangalia. Mbele ni ingine. Mbele bantu bote banakuangalia mu kinywa. Labda kinywa yako inajua, njo maana inakataa."

Sumaili alikuwa akimtazama mkewe, aliyekaa juu ya mzigo wake wa vitenge.

"Kila Idi," Zaina akasema polepole, "Baba anasimulia. Bantu banakushika mukono, banakupongeza. Na minye niko namimina chai. Nilinyamaza juu ya kulinda heshima yako. Lakini mugongo iliniuma mwezi muzima, Baba Yasmine, na hakuna muntu aliniambia hata pole."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliuliza lini?"

Aibu ilimshika Sumaili. Haikuwa aibu ya kuchekwa, hiyo aliizoea. Ilikuwa aibu ya mtu aliyevaa nguo ya mwenzake mpaka akasahau mwenyewe ni nani. Alimpenda mkewe saa ile kuliko siku ya ndoa, na hakujua aanzie wapi kumwambia.

"Weka," akamwambia Gratien.

"Maneno gani?"

"Weka tu muziki."

Muziki ukaanza. Pale kwenye benchi, kidole cha Mahamudi kilianza kuinuka chenyewe. Sumaili akakiona, akampa mgongo. Akamwelekea Zaina. Na mstari wa kwanza ulipofika, haukupita mtupu.

*Maji yalipokuja mimi nilibeba gita,*
*Zaina akabeba vingine vyote.*

Alianza mwenyewe. Hakuna aliyemfungulia. Mstari wa pili ukaufuata wa kwanza, wa tatu ukaufuata wa pili, kila kitu kikaingia kwa zamu yake, mtoto, sufuria, godoro, mgongo uliouma mwezi mzima. Hakuwekamo kiboko. Sauti ile ambayo miaka yote ilijibu, leo ilikuwa ikisema, na ilikuwa nzito kuliko Gratien alivyodhani.

Mwishoni mwa ubeti, kutoka kwenye benchi, sauti nyingine ikaingia chini chini.

"Vyote, vyote..."

Ilikuwa ya Mahamudi. Hakuombwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, kofia magotini, akiitikia kama mwanafunzi. Gratien alimtazama, akatazama mitambo yake ya kurekodi, akaacha iendelee.

Zaina alilia, na hakujificha.

Noti ya mwisho ilikuwa haijakauka vizuri mashine ya unga ilipowaka, na kuta zikatetemeka. Gratien akaushika wimbo, akautuma redioni kabla taa hazijafifia.

"Ilienda," akatangaza.

Wakacheka wote, wakapeana mikono. Mahamudi akamkumbatia Sumaili, akamwambia sikioni kwamba Jumamosi kuna arusi nyingine, waione hiyo kwanza, mambo ya majina yangoje. Furaha ikajaa katika kile chumba kidogo mpaka Zaina aliposema neno moja.

"Baba."

Jamani, walikuwa wamemsahau. Kwa muda wote wa wimbo hakuna aliyemkumbuka Mzee Karim, wala kondoo wake, wala nyumba yake ya Kimanga.

"Uirudishe," Zaina akamwambia Gratien.

"Mama Yasmine, iliisha kwenda. Niirudishe na nini?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Sumaili akashika viatu vyake alivyoviacha mlangoni. "Tuende ku duka. Kipindi haijaanza bado. Nitamuambia minye mwenyewe kwa adabu, kabla redio haijamuambia. Nitapiga magoti kama inaomba hivyo."

"Utasema nini?"

"Nitajua ku njia."

Alikuwa amevaa kiatu kimoja simu yake ilipolia. Akaangalia jina, akaketi chini sakafuni.

"Ni yeye."

"Jibu," Zaina akanong'ona.

"Mukwe wangu," sauti ya Mzee Karim ikasema, na ilikuwa imejaa furaha. "Unajua niko wapi? Niko hapa ku redio. Balikuwa banatafuta muntu wa kuzungumuza juu ya ile maji, nikabaambia acheni kutafuta, mukwe wangu njo ameimba, minye nitakuya. Nimeisha kubaeleza yote. Ile ya kiboko, huyu bwana wa redio alisimama."

"Baba, minye nilitaka..."

"Ngoja. Banataka kujaribisha wimbo kabla ya kipindi. Banaiweka sasa hivi. Ngoja tusikilize pamoja."

Sumaili akafunika uso kwa mkono. Zaina akaja akachuchumaa kando yake, sikio kwenye simu. Hata Gratien akatoka kwenye kiti chake. Ndani ya simu, mbali, muziki ukaanza, kisha sauti ambayo hakuna mtu wa Mulongwe angeweza kukosea.

*Maji yalipokuja mimi nilibeba gita...*

Mstari wa pili ukapita. Ukapita wa tatu. Mzee Karim walimsikia akipumua tu. Ukapita ule wa mtoto, ukapita ule wa mgongo, na wimbo ukaisha, na bado alikuwa akipumua.

"Sumaili."

"Baba."

"Huyu mwenye anaimba ni weye?"

Angeweza kukana. Sauti hufanana duniani, na simu huharibu. Zaina alimtazama machoni na hakumwashiria lolote, wala ndiyo wala hapana. Aliachiwa peke yake, kama alivyotaka siku zote.

"Ni minye, baba."

Mashine ya unga ilinguruma nyuma ya ukuta.

"Kuyeni hapa," Mzee Karim akasema. "Weye na Zaina. Sasa hivi, mbele ya kipindi kuanza."

"Ndiyo, baba."

"Na ukuye na funguo ya nyumba."